Mugumo Juu ya Ukuta wa Wachuka

Mke wangu Wachuka aling'oa miti miaka thelathini na tisa. Najua hilo linavyosikika. Huku kwetu Kieni mtu akipanda mti anasifiwa kanisani, na akiung'oa anaulizwa ni nani amemkosea. Yeye aling'oa na hakuulizwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwangalia.

Ilikuwa miche tu. Mikima, miwati, mikaratusi. Mbegu zililetwa na upepo na ndege, zikaota juu ya ukuta wa bwawa letu la Gatero. Yeye akaiondoa ingali midogo.

Bwawa lenyewe si kubwa. Ukitembea ukutani kutoka mwanzo mpaka mwisho ni hatua mia mbili na kumi. Ukuta ni udongo mtupu, hakuna saruji. Chini yake kuna nyumba kumi na nne. Yetu ni ya tatu.

Tulilijenga baada ya njaa ya themanini na nne. Kila nyumba ilipimiwa kipande chake cha ukuta, hatua kumi na tano. Wanaume walichimba, wanawake walibeba udongo kwa karai na kwa magunia. Ukifika kimo cha goti tulileta ng'ombe, tukawapitisha huku na huku juu yake mpaka kwato zisiache alama. Kisha tukaweka udongo mwingine. Ilichukua miezi saba. Wachuka alibeba akiwa na mimba ya mwanetu Mutahi.

Siku tuliyomaliza, afisa wa maji aliyekuwa akitusimamia alitutolea mzizi mkavu kwenye mfuko wake. Alisema umetoka kwenye bwawa lililopasuka. Akautia mdomoni akaupuliza, na upande wa pili vumbi likatoka. Watu walicheka sana. Akasema mti ukiwa hai unashika udongo na nyinyi mnafurahi. Ukifa, mzizi unaoza ndani ya ukuta, unabaki bomba, na maji hayahitaji bomba kubwa. Akasema ukutani iwe nyasi peke yake, na mfereji wa pembeni, ule wa kutolea maji yakizidi, usizibwe hata siku moja.

Wachuka aliomba ule mzizi, akaupuliza pia. Wengine walikuwa wamekwenda kwenye nyama.

Miaka ya kwanza kila nyumba iliangalia kipande chake. Halafu mzee huyu akafa, yule akauza shamba, mwingine akahamia kwa mtoto wake kule Ruring'u. Vipande kumi na vitatu vikakosa mwenyewe. Wachuka hakutangaza kwamba amevichukua. Alifika mwisho wa kipande chetu akaendelea.

Kila asubuhi akimaliza kukamua alipanda ukutani na jembe na gunia. Mti ulikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa fuko. Fuko huchimba njia ndefu ndani ya udongo, na wewe unaona tu kilima kidogo juu ya nyasi. Alimtega kwa kijiti kilichopindwa na kamba, vile babake alimfundisha. Akimpata, alifungua shimo lote, akajaza udongo wa mfinyanzi, akautwanga kwa mchi. Mara moja nilimsaidia, nikajaza haraka nikakanyaga mara mbili.

"Baba Mutahi," akaniambia, "hapa hatufuniki takataka. Toa yote."

Nikatoa yote. Tulianza upya.

Ndege walileta pia mbegu za mugumo, aina ya mkuyu. Asiyetoka kwetu ajue kwamba mugumo haukatwi. Wazee waliomba Mungu chini yake. Mpaka leo kuna barabara zimepinda kuupisha, na fundi wa msumeno ukimwonyesha mugumo anakumbuka kazi nyingine. Siku moja nilimwona Wachuka ameshika mche wa mugumo, majani mawili.

"Mama Mutahi, huo ni mugumo."

"Ni majani mawili."

"Ni mugumo."

"Utakuwa mugumo mwaka kesho. Leo ni mboga." Akautia guniani na mingine.

Aliimba kwaya ya kina mama miaka yote hiyo. Hakuona shida kuimba kanisani na kung'oa mugumo.

Basi miaka kama saba iliyopita ikaja kamati mpya. Mwenyekiti ni Moffat, kijana wa watu tunaowajua, aliyeuza dawa za mifugo Nanyuki akarudi na mawazo. Si mtu mbaya. Aliona maji, akaona mlima nyuma yake ukiwa wazi asubuhi, akasema hapa watu watakuja. Na wakaja. Bintiye, Lynn, aliweka picha kwenye simu, na Jumapili ikawa kama siku ya soko. Boti nne za rangi. Nyama inachomwa. Maharusi wanapigwa picha. Watu wa Nyeri mjini, watu wa Karatina, na mara moja basi zima la kanisa kutoka Kiriaini.

Kamati ilisema inajali usalama. Ilinunua jaketi za kuelea, za rangi ya machungwa, na Lynn hamruhusu mtu kuingia kwenye boti bila kuvaa. Ikaweka kibao cha kukataza kuogelea. Ni vizuri, sikatai. Lakini jaketi ni ya mtu aliye juu ya maji. Sisi tunaolala chini ya hayo maji hatukupewa kitu.

Magari yalipanda ukutani kwa sababu picha ya mlima ni nzuri ukiwa pale juu. Wachuka aliwafukuza. Kuna Mhindi mmoja mwenye duka la vyuma Nyeri, Haridas, alikuja na mkewe Gita na gari kubwa jeupe, akalisimamisha katikati ya ukuta. Wachuka aligonga boneti kwa mpini wa jembe.

"Wewe baba, toa hii gari."

"Mama, dakika mbili tu. Picha."

"Duka yako iko wapi?"

"Nyeri, karibu na stendi."

"Nikikuja na ng'ombe zangu nizisimamishe juu ya meza yako ya kioo dakika mbili, utaniambia karibu?"

Gita ndiye aliyecheka kwanza. Haridas akaangalia chini, akaangalia nyumba zetu kule bondeni, akauliza, "Hizo nyumba ziko na watu?"

"Ziko na mimi," Wachuka akasema.

Alirudisha gari kinyumenyume mpaka mwisho. Jumapili iliyofuata aliliacha mbali, akapanda kwa miguu akimletea jembe jipya. Katika hao wageni wote ndiye peke yake aliyewahi kuuliza kuhusu nyumba.

Sasa nifike kwenye mfereji. Boti zinataka maji yawe juu, na samaki waliowekwa humo hupenda kutoroka maji yakizidi. Kwa hiyo kamati iliziba mfereji wa pembeni. Waya wa kuku, na magunia ya mchanga yamepangwa vizuri. Wachuka alienda kwa Moffat mara tatu. Moffat alimsikiliza mara tatu. Alimpa chai.

Ukaja msimu ule wa mvua kubwa. Siku ya nne ya mvua, jioni, Wachuka alisimama mlangoni akasema maji yamebakisha mkono mmoja kufika juu ya ukuta. Mimi nilikuwa jikoni naota moto. Nikamwambia, "Waache wenyewe. Si wana kamati?" Akavaa koti langu akatoka.

Alikata waya kwa panga na kuvuta yale magunia moja moja kwa mikono, amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Aliporudi midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Aliniuliza kama ng'ombe wamekula.

Ukuta ulisimama. Yeye alianza kukohoa siku ya tatu. Daktari alisema ni mapafu, na kwamba kwa umri huo huwa hivyo. Tulimzika kabla mvua haijaisha. Sisemi kuna aliyemuua. Nasema tu kwamba mimi nilikuwa jikoni.

Mwaka ukapita. Moffat akaja nyumbani na watu wawili wa kamati. Walivua kofia.

"Mzee Kingori," akasema, "tumeona mama alifanyia hili bwawa kazi na hakushukuriwa. Tunataka kumwekea ukumbusho."

Tangu azikwe hakuna aliyekuwa amelitaja jina lake mbele yangu. Watu huogopa. Nikasema sawa. Nilifikiri ni benchi. Sikuuliza ni nini, na sikuuliza ni wapi. Hilo ni kosa langu, silipeleki kwa mwingine.

Jumapili hiyo nilivaa suti ya harusi ya Mutahi. Nilikuta viti, kipaza sauti, na watu wengi ukutani. Katikati kabisa ya ukuta palikuwa na shimo. Kando ya shimo palikuwa na mche kwenye karatasi nyeusi ya nailoni, wa kimo cha kiuno, na kibao cha bati kilichoandikwa jina lake na maneno Mlinzi wa Bwawa.

Ulikuwa mugumo.

Dedan ndiye aliyewapa wazo. Dedan ni rika langu, tulitahiriwa mwaka mmoja, na ndiye kati yetu anayeulizwa mambo ya zamani. Alishika kipaza sauti akaeleza kwamba wazee walipanda mugumo penye maji, na penye mugumo maji hayahami. Ni kweli walifanya hivyo. Penye chemchemi, penye ardhi ambayo Mungu aliiweka mwenyewe. Hawakuwa na ukuta wa karai.

Lynn akasoma jina la mke wangu kwa sauti kubwa. Likarudi kutoka ng'ambo ya maji. Mtu akanishikisha debe la kumwagilia. Nikamwagilia. Watu wakapiga makofi, simu zikainuliwa, na mimi nikamwagilia mpaka debe likaisha.

Huyo ni mwanamke aliyeng'oa miti hapo miaka thelathini na tisa. Na mtu aliyempandia, akamwagilia, ni mumewe.

Nilikaa wiki moja bila kusema. Halafu nikaenda kwa Moffat.

"Moffat, ule mti utoke pale."

"Mti gani, mzee?"

"Unajua."

"Mti wa mama?" Akashangaa kweli. "Ati utoke? Kwa nini?"

Nikamweleza mzizi, na bomba. Nikamweleza kwamba mugumo ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu mizizi yake hupasua hata jiwe. Akasikiliza kama alivyomsikiliza mke wangu.

"Hiyo itachukua miaka ishirini," akasema.

"Ishirini itafika."

"Tutakuwa tumeweka saruji. Na mzee, nisamehe, lakini wewe ndiye ulimwaga maji. Niko na video. Wageni wameipenda sana."

Akaita chai. Sikuinywa.

Nikaenda kwa Dedan. Nilimkuta anapasua kuni.

"Wakini," nikamwambia, tunavyoitana watu wa rika moja, "umenipandia mafuriko juu ya kichwa."

"Nimempa mke wako mti wa heshima."

"Uondoe."

Akaweka shoka chini. "Mugumo haukatwi. Unajua. Anayeukata mkono wake unakauka."

"Haukatwi. Utang'olewa."

"Usinichezee maneno, Kingori. Mimi si mtoto."

"Basi niambie. Ukiwa mnene kama paja na ukuta umeanza kutoa maji chini, nani atautoa?"

Akafuta jasho kwa kofia.

"Wewe utautoa?"

"Mimi nitakuwa nimekufa."

"Nani, basi? Moffat? Kuna kijana hapa atagusa mugumo wenye jina la marehemu?"

Akaokota shoka, akarudi kwenye kuni. Na ndiyo shida yenyewe. Mkima ukiota ukutani, hata mpumbavu ataukata siku akiogopa. Huu hautakatwa na mtu. Kila mwaka utakuwa mkubwa, na kila mwaka mikono ya kuutoa itakuwa haba. Ulikuwa unene wa kidole gumba changu. Kama ni kutoka, ulikuwa utoke sasa.

Miezi ikapita nikifikiria maji moto. Watu huua mti wa jirani hivyo, unaumwagia ukiwa peke yako, unakauka taratibu na hakuna ajuaye. Lakini ukikauka wangempandia mwingine. Wangesema huu wa kwanza ulikosa mbolea.

Kwa hiyo nilienda Jumapili, saa sita mchana, watu wakiwa wamejaa. Nilichukua jembe na mchi wake.

Vijana waliokuwa wakingoja boti waliniona. Kwao mimi ni guka, babu, na Wachuka ni cucu, nyanya.

"Guka amekuja! Guka, unataka picha na mti wa cucu?"

"Mpigieni guka. Guka, simama hivi, toa tabasamu."

"Guka hana meno ya tabasamu, wacha apige ya pasipoti."

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Nilisimama mbele ya kile kibao, nikakizunguka, nikapiga jembe la kwanza.

Kicheko kilikatika.

"Wee guka! Guka, unafanya nini?"

Nikachimba. Mtu akaita jina la Moffat. Dedan alikuwa amekaa chini ya hema la nyama. Nilimwona anasimama, anakuja kwa fimbo yake, haraka kuliko miguu yake inavyoruhusu.

"Kingori. Wakini. Acha."

Nikachimba.

"Acha, nakuomba. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili yako."

"Mkono ni wangu," nikasema. "Ukikauka uko mmoja mwingine."

Mwanamke mmoja, mgeni mwenye miwani ya jua, alisema kwa sauti, "Lakini si huyu ndiye bwana yake? Jamani. Hata kaburi yake ataifukua?" Mwingine akasema ni uzee, na kilio kisichoisha huchanganya watu. Nilisikia vyote viwili.

Moffat akafika anahema. "Mzee! Mzee Kingori! Unajua unang'oa nini? Unang'oa jina ya mama!"

"Naondoa mti."

"Mbele ya wageni!"

"Wewe uliupanda mbele ya wageni."

Nikaushika chini na kuuvuta. Haukutoka. Nikachimba tena upande mmoja, nikavuta, ukaja. Ulikuwa na miezi mitatu tu pale. Mizizi mingi ilikuwa bado imejikunja vile ilivyokuwa kwenye karatasi. Lakini mmoja ulikuwa umekwenda. Ulikuwa mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, mweupe, umenyooka kama kamba iliyovutwa. Nikaangalia ulikotoka. Palikuwa na tundu.

Ilikuwa njia ya fuko. Kwa mwaka mzima hakuna aliyekuwa ametega fuko pale. Mimi nilikuwa nyumbani nikilia. Mzizi uliiona njia kabla yetu, ukaingia.

Nikapiga magoti, nikatia mkono kwenye lile tundu. Uliingia mpaka kiwiko. Nikasukuma. Uliingia mpaka begani, shavu langu likiwa kwenye udongo, na vidole havikugusa mwisho. Hewa iliyokuwa ndani ilikuwa baridi.

"Njoo utie mkono," nikamwambia Moffat.

Hakuja. Alisema, "Fukia tu, mzee. Fukia."

Haridas alikuwa pale. Sikuwa nimemwona. Alipita kati ya watu, akakunja mkono wa shati, akapiga magoti akatia mkono wake. Akaangalia nyumba kule chini. Alinisaidia kuinuka.

Niliushika ule mche sijui niuweke wapi. Sikutaka ufe. Hilo halikuaminiwa baadaye, lakini ni kweli. Ni mti mzuri mahali pake. Lynn alikuwa ananipiga video kwa simu tangu mwanzo, kama wengine. Akaishusha, akaenda kwenye boti, akarudi na ndoo ambayo huondoa nayo maji kwenye boti.

"Weka hapa, guka," akasema.

"Lynn!" babake akasema.

"Baba, sasa nimwambie aubebe kichwani?"

Nikauweka, tukaweka na udongo. Kisha nikafungua njia ya fuko mpaka mwisho wake, hatua nne na nusu, nikaijaza na kuitwanga. Ilinichukua mpaka watu wa nyama walipoondoka. Haridas alibeba udongo mara mbili kwa karai, halafu Gita akamwita waende. Wengine hawakushika kitu. Walisimama wakaangalia mpaka wakachoka.

Wiki hiyo kulikuwa na mkutano wa wazee. Dedan alikuwapo, hakuniangalia. Walisema nimefanya jambo ambalo halifanywi, na kwamba nitoe mbuzi. Nilitoa mbuzi. Wakamla. Sikuitwa.

Kamati nayo ilikaa. Barua ikaletwa, nikasomewa na mtoto wa jirani. Ilisema kwamba kwa kuwa familia ya marehemu imekataa heshima iliyopewa, kamati imeliondoa jina lake kwenye mambo ya bwawa. Kibao kilirudishwa kwangu kimefungwa kwenye gazeti. Jina la Wachuka haliko tena popote kwenye maji yale. Mtu akija leo na boti akauliza ni nani waliofanya kazi hapa, ataambiwa ni kamati.

Mutahi alinipigia simu kutoka Nairobi. Ameona video.

"Baba, kwa nini hukungoja nije tuongee nao?"

"Mama yako alienda mara tatu."

"Watu wanasema ulimwonea wivu mama."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ungengoja," akasema.

Mugumo haukufa. Lynn aliumwagilia kwenye ile ndoo. Ikafika siku mheshimiwa mmoja akaja na mahema kufungua choo cha wageni, na kamati ikataka apande kitu. Wakaona mti upo. Safari hii Moffat hakuupeleka ukutani. Hakusema kwa nini, na mimi sikumuuliza. Walichimba shimo kule magari yanakosimama, kwenye ardhi tambarare. Mapema asubuhi kabla hawajafika nilikuwa nimekwenda nikapima. Ni hatua sabini na mbili kutoka ukingo wa ukuta.

Mheshimiwa aliupanda. Jina lake likawekwa.

Nilikuwa nimekaa nyuma. Dedan alikuwa mbele na wazee wengine, na mwenye kipaza sauti akasema mzee mmoja aseme neno la kuubariki mti. Dedan alitakiwa kusimama. Hakusimama. Aligeuka kwenye kiti, akanitafuta kwa macho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kingori aseme," akasema.

Watu wakanong'ona. Moffat akainamisha kichwa. Nikaenda mbele, nikashika kile kipaza sauti. Kilikuwa na joto la mikono ya watu. Nilikuwa na mengi. Nilitaka kusema magunia, na koti langu, na midomo ya rangi ya majivu. Nilitaka kusema jina lake, mara moja tu, lirudi kutoka ng'ambo ya maji.

Nikasema, "Huu mti uko mahali pake. Msiulete karibu zaidi."

Nikarudisha kipaza sauti. Walipiga makofi. Mheshimiwa naye akapiga, akimuuliza Moffat kando nimesema nini.